Kanisa Liliponisimamia Kalamba

Mimi ni mpiga piano. Nimepiga kwenye kumbi kubwa za ng'ambo, watu wakasimama kunishangilia. Kwa hivyo binamu yangu Mwende aliponiomba nipige kwenye harusi yake Kalamba, nilifanya mazoezi mwezi mzima.

Mbele kulijaa kwaya, basi kinanda kikawekwa karibu na mlango. Nilipomaliza wimbo wa kwanza, kanisa zima lilisimama na kunigeukia. Machozi yakanilengalenga. Hata ng'ambo hawajawahi kunisimamia haraka hivyo. Nikainama mara tatu, mkono kifuani.

"Asanteni, ketini sasa," nikawaambia.

Hakuna aliyeketi. Nikainama tena.

Shangazi akanisogelea polepole. "Ndunge, umepiga vizuri sana. Lakini tupishe, mwanangu. Mwende amesimama nyuma yako na baba yake."