Zamu ya Kuota Jua

Usiku ule Nasambu hakuzima taa ya jikoni. Aliiegemeza simu kwenye bakuli la sukari, mahali ambapo mtandao haukatiki, na kila ilipotoa mwanga aliirukia kama paka. Mara ya kwanza ilikuwa kampuni ya simu ikimshukuru kwa kuwa mteja mwema. Mara ya pili ilikuwa kundi la akina mama wa kanisa. Mtu alikuwa ametuma picha ya maua. Mumewe, Mzee Wakoli, hakuwa ametuma neno tangu asubuhi.

Na Wakoli hakuwa mtu wa kunyamaza. Tangu astaafu usimamizi wa ghala la mahindi hapa Kitale, kila Juni, baridi ya Mlima Elgon ilipoanza kushuka, alifunga sanduku akaenda Mtwapa, kando ya bahari, mpaka mahindi yakauke shambani.

"Wazungu hufanya hivyo," aliwaambia wazee wa kanisa. "Baridi ikija, mtu aliyesoma anahama. Wanaobaki ni ng'ombe."

Waliobaki walikuwa ng'ombe wawili, na Nasambu.

Kusema kweli, kifua kilichopimwa hospitalini kilikuwa cha Nasambu. Daktari ndiye aliyesema mama huyu atafutiwe mahali penye joto msimu wa baridi. Wakoli alimsikiliza kwa makini, akashukuru, kisha akaenda yeye. "Wacha nitangulie nikaone mahali," alisema. "Nyumba niliyopanga ni ndogo. Mwaka ujao zamu yako." Huu ulikuwa mwaka wa nne wa kutangulia.

Kila jioni baada ya taarifa ya habari alimtumia sauti ndefu kueleza alivyoshinda. Asubuhi hunywa uji wa unga wa Kitale, kwa kuwa unga wa pwani, ati, hauna uzito tumboni. Kisha huvaa lile koti lake la ghalani na kwenda kuketi kwenye kibanda cha makuti ufuoni, pamoja na mstaafu mwenzake Kipkorir kutoka Kapenguria. Hapo hushinda wakibishana kuhusu mbolea ya Trans Nzoia, upande wa Kitale, na kung'ata punje za mahindi walizobeba mfukoni ili kujua kama zimekauka.

"Na bahari iko?" Nasambu aliwahi kumuuliza.

"Iko," alijibu Wakoli. "Nyuma yangu."

Sasa kimya. Mulki, jirani mwenye duka karibu na msikiti, aliona taa akaja na thermos ya chai.

"Mama Phelista, si ulale."

"Nitalalaje? Bahari imemchukua."

"Bahari imchukue mzee wa Kitale na hilo koti lake? Itamtema kabla ya alfajiri."

Nasambu alicheka, kisha akakohoa hadi machozi yakamtoka, na Mulki akaacha utani.

Kulipokucha alimpigia binti yake, Phelista, ambaye aliolewa huko huko Mtwapa na kijana wa Nyeri aitwaye Kinyua.

"Baba yuko sawa, Mama. Ni simu tu, ilianguka kwa maji. Hata sasa amelala."

"Wewe umejuaje amelala?"

Phelista akasema mtandao ni mbaya.

Nasambu alikuwa mama wa kutazama vitu. Alijiuliza kwa nini unga wa mzee mmoja hutumwa gunia zima, tena kwa jina la Phelista. Akamwachia Mulki ng'ombe, akafunga nguo na unga kidogo, maana hata kama mtu amekufa waombolezaji watakula, akapanda basi la usiku.

Hakuwahi kufika kwa Phelista, na si kwa kukosa hamu. Kwao, Wabukusu, mzazi halali chini ya paa la aliyemwoa binti yake. Ni aibu ambayo haina maji ya kuioshea. Na mlinzi mkuu wa aibu hiyo Kitale nzima alikuwa Wakoli. Mzee mmoja wa Sirisia alinyeshewa akalala kwa mkwewe usiku mmoja tu, na Wakoli alisimama katika kikao akadai atozwe kondoo. Kondoo alitoka. Wakoli alikula mguu.

Basi Nasambu aliposhushwa na bodaboda kwenye lango la Phelista alisimama nje, leso usoni, ubavu kwa nyumba ili asitazamane na mkwewe, akisubiri binti atoke ampeleke alikopanga baba yake. Aliyetoka ni Kinyua, mikono yote miwili mbele.

"Mama! Ingia ndani bana, mbona unasimama kwa jua? Mzee yuko bafu, anatoka sasa hivi."

"Mzee gani?" Nasambu aliuliza ukuta.

"Si Baba! Tulimpea ile room ya watoto. Watoto wanalala sitting room, hawana shida, wamezoea. Huu mwaka wa nne."

Wakoli akatokea mlangoni, taulo shingoni, mzima kama mbuyu. Alipomwona mkewe, alirudi ndani hatua moja, kama konokono.

"Mama Phelista! Umekuja bila kusema?"

"Ningesemea wapi? Simu yako iko wapi?"

"Wimbi lilichukua," alisema Wakoli. "Nilikuwa najipiga picha ya kuwatumia wazee wa kanisa."

"Na nyumba uliyopanga, nayo wimbi lilichukua?"

Wakoli alitazama taulo. Kisha akamkaribisha ndani, kwa sauti ya mtu anayejua kwamba mgeni wake hawezi kuingia.

"Nikiingia," Nasambu alisema, "kondoo watakuwa wawili. Au uliyemla Sirisia umesahau ladha yake?"

Kinyua hakuelewa. Akamuuliza mkewe, na Phelista, macho chini, akamweleza yote pale pale langoni. Uso wa kijana ukabadilika.

"Kumbe tumekuwa tukikukosea heshima, Mzee! Miaka yote hiyo, na hukusema! Nisamehe sana."

Akakimbia ndani, akarudi na sanduku la Wakoli amelibeba kwa mikono miwili kama trei ya chai ya wageni, akaliweka nje ya lango, taratibu, na koti la ghalani juu yake. Wakoli alilichukua koti lake. Angesema nini? Kwamba yeye hana shida na aibu?

Hasina, mjane wa nyumba iliyo mkabala, alikuwa amesimama kibarazani akisikiliza bila kujificha. "Mama," aliita, "kwangu si kwa mkwe. Nina chumba, mlango wake unatazama bahari. Na hicho kikohozi chako kinataka jua. Njoo ukae mpaka baridi yenu iishe."

Nasambu akabeba mfuko wake na unga wake, akavuka njia.

Chumba kilikuwa cha kitanda kimoja. Alivua sweta, akalikunja, na kwa mara ya kwanza tangu Juni akavuta pumzi mpaka chini bila kifua kumkwaruza. Jioni alikuwa amesimama tena hivyo, akisikiliza kifua chake mwenyewe, mlango ulipobishwa. Kikohozi cha nje alikitambua. Kilikuwa cha kuigiza.

"Mama Phelista. Ni mimi. Fungua."

Nasambu aliushika mwimo wa mlango. Komeo lilikuwa limefungwa, karibu na mkono wake.

"Chumba ni kidogo, Baba Phelista," alisema. "Nimetangulia nione mahali. Mwaka ujao zamu yako."

"Sasa mimi nilale wapi?"

"Basi la Kitale linaondoka asubuhi. Ng'ombe wako kwa Mulki."

Komeo halikuguswa. Nje, sanduku liliwekwa chini, likalia lilipokaliwa, na mgongo wa mzee ukauegemea mlango.

Nasambu akauliza kutoka ndani, "Na bahari iko?"

"Iko," Wakoli alijibu. "Mbele yangu."