Mguu Uliokanyaga Breki ya Pikapu ya Babu

Watu wa kwetu Kibirichia wanaijua pikapu yangu, na wanajua ninachosema juu yake. Wengine hucheka. Wacheke. Mimi niliishia darasa la nane, sijui kupamba maneno, na haya machache yamenichukua jioni nyingi kuyaandika. Lakini nilikuwa pale, nimelala chali kwenye matope, spana mkononi. Sikuhadithiwa na mtu.

Pikapu ilikuwa ya babu. Alibebea viazi mpaka siku moja akaiegesha chini ya banda la mabati, na hakuiwasha tena hadi akafa. Kwa nini? Sisi watoto hatukuambiwa. Nilipokuwa mkubwa nikaanza kuitengeneza kidogo kidogo baada ya kazi ya shamba. Si kazi yangu, ni kupenda tu. Nilijifunza kwa kusimama kando ya mafundi wa Ruiri siku za soko, bila kuuliza swali hata moja, maana mbele ya watu sauti yangu hukwama kooni. Mwaka jana injini ikawaka. Kilichobaki kilikuwa breki.

Baba mdogo, Kirimi, alilitaka lile banda aweke mbegu za viazi. Akaniambia mbele ya watu wote wa nyumbani, "Wewe na hii takataka yako! Kesho asubuhi lori la vyuma chakavu linakuja. Ukiishusha mpaka barabarani na isimame yenyewe, nitanyamaza. Isiposimama, wanaikata."

Nikaenda kuchukua spana. 

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu usipoielewa kazi hii hutaelewa kilichonipata. Breki zikiingia hewa hazishiki. Kuitoa hiyo hewa kunataka watu wawili. Mmoja anakaa kitini, anakanyaga pedali mara kadhaa, halafu anaishikilia chini. Mwingine yuko chini ya gari, kwenye tairi. Anafungua nati ndogo, mafuta ya breki yanatoka na mapovu yake, anafunga, kisha anamwambia yule wa juu aachilie. Wa juu akiachilia kabla nati haijafungwa, hewa inanyonywa ndani tena na mmejisumbua bure. Mnaanza na tairi lililo mbali kabisa na dereva, la nyuma kushoto. Mnamaliza na la mbele kulia, lililo karibu na miguu yake.

Aliyenisaidia ni Mutwiri, mtoto wa huyo Kirimi. Mutwiri hawezi kukaa kimya. Kila nikimwambia "Shika," anajibu, "Nimeshika kama kupe!" na kucheka peke yake. Ilikuwa saa tisa mchana. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlimani, mzito, hata jikoni kwa shosho, mke wa babu, hukuoni. Pikapu nilikuwa nimeiinua juu ya magogo.

Tulipomaliza tairi la kwanza mafuta ya breki yalikuwa karibu kuisha.

"Usitoke huko, mkubwa," Mutwiri akasema. "Nakimbia sokoni naleta chupa ingine. Lala kidogo."

Nikasikia gambuti zake zikienda. Sikutoka. Nikasogea kwenye tairi la pili nikaanza kuisugua nati, ilikuwa imeshikwa na kutu. Haukupita muda mrefu, kiti cha dereva kikalia springi.

"Nimerudi. Sema."

"Umeongeza mafuta?" nikauliza.

"Nimeongeza."

"Haya, kanyaga. Tena. Tena. Shika."

"Nimeshika kama kupe."

Hakucheka. Niliona hilo, kwamba hakucheka, na nikafikiri ni baridi. Tukamaliza tairi la pili. Tukahamia la tatu, la mbele kushoto. Mafuta yakawa yanatoka safi kabisa, kazi inakwenda vizuri kuliko mwanzo. Mimi huyo nikafurahi! Nikasema moyoni, kumbe Mutwiri akinyamaza ni fundi.

Nati ya tatu ilikuwa wazi nilipoona gambuti zikija kutoka langoni, zikipasua ukungu. Nikasikia sauti ya Mutwiri kutoka huko: "Wewe! Duka la kwanza wamefunga, nimezunguka mpaka..."

Na kutoka juu yangu, ndani ya pikapu, sauti ileile ya Mutwiri ikasema, "Nimeshika kama kupe."

Gambuti zikasimama. Chupa ikaanguka kwenye nyasi. Halafu zile gambuti zikageuka na kukimbia, na niamini, sijawahi kuona mtu akikimbia hivyo kwenye matope bila kuanguka.

Nikabaki.

Utaniuliza, kwa nini hukutoka? Kila mtu huniuliza. Mkono wangu ulikuwa kwenye nati, na nati ilikuwa wazi. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kuifunga, maana mkono unajua kazi yake hata kichwa kikiwa kimekimbia. Nikafunga. Nikasema, "Achilia." Na pedali ikaachiliwa, taratibu, kama mtu aliyefundishwa vizuri.

Hapo ningeweza kuteleza nitoke upande wa pili na kukimbilia kwa shosho. Lakini nikafikiria lori la kesho. Nikafikiria Mutwiri, kwamba leo hatarudi. Mtu mwingine wa kunikanyagia pedali ningempata wapi kwenye ukungu ule? Tairi moja lilikuwa limebaki. Na ndilo lililo chini ya dereva.

Nikajivuta kwa mgongo mpaka huko.

Sakafu ya ile pikapu ilikuwa imeliwa na kutu karibu na pedali, tundu la ukubwa wa sahani. Nikaangalia juu kupitia tundu hilo. Niliona kisigino. Hakikuwa na gambuti wala kiatu. Kilikuwa kikavu, kimepasuka nyufa ndefu, na kimejaa vumbi jekundu. Vumbi! Siku hiyo Kibirichia nzima ilikuwa matope. Vumbi la namna ile mimi nimeliona Siakago tu, huko chini kunakokauka, tulipoenda kununua mbuzi.

"Hilo wacha," sauti ikasema. Bado ilikuwa sauti ya Mutwiri, lakini imepoa. "Liko sawa. Toka tuijaribu."

"Kanyaga," nikasema.

"Matatu yametosha. Toka."

"Nimesema kanyaga!"

Sijui sauti hiyo niliitoa wapi. Mimi, ambaye hata kanisani nikiombwa kusoma aya moja natokwa na jasho.  Kisha kisigino kikainuka, kikashuka. Kikainuka, kikashuka.

"Shika."

"Nimeshika."

Nikafungua nati. Yakatoka mapovu, mengi kuliko kwenye yale matairi mengine yote. Liko sawa, eti! Na hapo nati ikiwa wazi, sauti ikanong'ona karibu sana, kama mtu aliyeinama kwenye lile tundu.

"Na nikiachilia?"

Niliogopa, sitakudanganya.  Lakini hasira pia ilikuwepo. Miezi yote ile ya kusugua kutu, ya kuchekwa, ya kuitwa mtu wa takataka, halafu mtu asiye na hata sauti yake mwenyewe aje kuniharibia kwenye nati ya mwisho?

"Achilia," nikamwambia. "Tutarudi tairi la kwanza tuanze upya. Ukiachilia tena, tutaanza tena. Mimi nitalala hapa mpaka kuche na wewe utakanyaga mpaka kuche. Sina haraka. Wewe unayo?"

 Na hakuachilia.

Mapovu yakaisha, mafuta yakatoka safi. Nikafunga nati, nikaikaza mpaka spana ikalia. "Achilia sasa." Springi za kiti zikalia. Nilipotoka hapakuwa na mtu. Kopo la mafuta ya breki, lile la kwenye injini, lilikuwa limejaa mpaka kwenye alama, na chupa ya Mutwiri nikaikuta kwenye nyasi langoni, haijafunguliwa. Mafuta hayo yalitoka wapi? Niambie wewe.

Usiku huo shosho alinieleza alichokificha miaka yote. Babu alimleta fundi kutoka Siakago kutengeneza breki za pikapu hiyo. Mvua ikaanza akiwa amebakiza tairi la mwisho. Akasema liko sawa, akaipeleka kwenye mteremko kuijaribu, breki hazikushika. Babu alimtoa akiwa ameshakufa, akairudisha pikapu bandani na kunyamaza.

"Basi usiiguse tena, mwanangu," shosho akasema. "Wacha waikate."

Asubuhi niliishusha kwenye magogo, nikaiwasha. Lori lilikuwa limeegeshwa pale mteremko unapokutana na barabara, vijana wawili na mitungi yao ya gesi wakingoja kukata. Kirimi alikuwa amesimama nao, mikono mfukoni. Nikashuka. Mteremko ule unaujua ukiwa umewahi kubeba viazi Kibirichia. Katikati nikakanyaga, ikashika. Nikaachia ikimbie, nikakanyaga tena. Ilisimama hatua moja kutoka kwa Kirimi, na yeye alikuwa ameshaanza kuruka.

"Unataka kuniua?" akafoka.

"Ulisema isimame. Imesimama."

Akaniangalia kama hajawahi kuniona. "Kumbe uko na mdomo," akasema. Kisha akawageukia wale vijana. "Endeni. Hii haiuzwi."

Tangu siku hiyo Mutwiri hapandi pikapu yangu, na ule mchezo wake wa kupe umeisha kabisa. Mzee mmoja wa kanisa alishauri ichomwe moto. Nikamwambia alete kwanza ya kwake tuanze nayo. Na kuna asubuhi za ukungu nikifungua mlango nakuta pedali ya breki imeshuka yenyewe, imekanyagwa hadi chini.  Namwambia, "Toka, hii ni ya kwangu," na inapanda. Naingia, naendelea na kazi zangu. Sihami, siuzi, na simwogopi kiasi cha kutembea kwa miguu.

Wewe unayetengeneza gari kuukuu nyuma ya nyumba, nakuonya. Ukiwa chini na mtu akakaa kitini, usitosheke na sauti. Toka umwone uso, hata kama ni ndugu yako, hata kama umelowa. Na ikiwa umechelewa kama mimi, akakwambia tairi lililobaki liko sawa, mwambie akanyage.