Shikamoo, Kisha Hapana

Haya hamtayaamini, na kosa si la msimulizi. Kosa ni lenu, mmezoea habari ndogondogo. Newala nzima, kuanzia sokoni mpaka ukingoni kunakotazama bonde la Ruvuma, hakuna aliyewahi kuona binti akimwambia mjomba wa mtu "hapana" huku amempigia goti. Shakila alifanya hivyo. Tena kwa wajomba wawili, asubuhi moja.

Shakila ni tabibu wa kituo cha afya huko upande wa Mkunya. Mfupi, mwembamba, sauti ya chini. Ukimkuta kwenye foleni ya maji utampita bila kujua umempita nani. Akili kazirithi kwa mjomba wake, Mrisho, mtu aliyeacha shule darasa la sita kwa sababu walimu walikuwa wameishiwa la kumfundisha. Ulizeni.

Mwaka jana, korosho zikiwa bado maua, Shakila aliitwa Masasi kwenye mafunzo. Matabibu na wauguzi walijazwa kwenye ukumbi chini ya yale majabali ya mji ule, wafundishwe la kufanya mtoto akiletwa na jeraha ambalo maelezo yake hayakai sawa. Mwalimu wao, daktari Scholastika, mama mpana asiyependa maneno mengi, akawaambia waigize. Mmoja awe tabibu, mmoja mtoto, mmoja ndugu aliyekuja juu.

Ndugu akawa muuguzi mmoja, Benedikto. Akaingia kifua mbele. "Mimi ndiye mjomba wake. Nampeleka nyumbani, tutayamaliza wenyewe."

Shakila akainuka, akapiga goti, "Shikamoo, mjomba," akamkabidhi mtoto. Mkononi kabisa!

Ukumbi ukaangua kicheko. Scholastika hakucheka.

"Umempa kwa nini?"

"Kwetu, daktari, mwenye mtoto ni mjomba. Akiumwa, akichezwa unyago, akiolewa, shauri ni la mjomba."

"Na aliyemuumiza akiwa ndiye huyohuyo mjomba?"

Shakila akamtwaa tena mtoto kwa Benedikto. Wale waliokuwa wakicheka wakaacha, maana wote wa huku juu uwandani wangempa vilevile, na walijua.

"Sikwambii uache shikamoo," Scholastika akasema. "Shikamoo ni haki yake, mpe. Kiti mpe. Maji mpe. Lakini mtoto hapewi mtu kama kiti. Akishaingia chumbani kwako na jeraha la mashaka, hana mjomba, hana shangazi. Ana wewe, mpaka afisa ustawi wa jamii afike. Rudia."

Wakarudia mpaka magoti yakauma. Shikamoo, kisha hapana. Shikamoo, kisha hapana.

Korosho zikaiva. Msimu huo kila kituo cha uwandani hupokea watoto walioungua, kwa sababu mtoto akiona korosho mbichi lazima aing'ate, na utomvu wa ganda haujui huruma. Wanapakwa dawa, wanarudi kucheza. Kwa hiyo Salmini, mzee wa kuheshimika, anayeketi mbele katika kila shughuli, alipomleta mpwa wake wa miaka saba akasema, "Utomvu wa korosho, daktari, tupe dawa twende," hata waliokaa kwenye benchi hawakugeuka. Mtoto tumwite Swaumu. Si jina lake. Jina lake Shakila angenikata ulimi nikilitaja.

Shakila akatazama. Utomvu huchoma ncha za vidole na midomo ya mlafi. Huyu midomo mizima. Mikono yote miwili ndiyo iliyobabuka, na pale kwenye kifundo cha mkono mbabuko ulikoma sawasawa, kulia kama kushoto. Korosho haina nidhamu ya namna hiyo.

Akamwomba Salmini asubiri nje. Akaketi chini, usawa wa macho ya mtoto, akauliza kama alivyofundishwa, bila kumtilia neno mdomoni: "Niambie ilivyokuwa."

Swaumu akatazama mlango. Shakila hakumharakisha. Akampa maji, akamshikia kikombe.

"Nilimwaga ndoo," mtoto akasema. "Mjomba akasema mikono inayomwaga maji ya baridi ionje ya moto."

Mnaoishi Newala mnajua ndoo ya maji ni taabu gani. Lakini hakuna ndoo ya bei hiyo. Shakila akakaza uso ili mtoto asidhani amekasirikiwa yeye. "Umefanya vizuri kuniambia. Si kosa lako." Akamtibu, akapiga simu dawati la jinsia la polisi, kisha kwa Optatus, afisa ustawi wa jamii.

"Natoka Newala sasa hivi," Optatus akasema. "Usimwachie. Salmini ana ndugu ng'ambo ya Ruvuma. Mtoto akivushwa leo, hatutamwona tena."

Alipogeuka, Salmini alikuwa mlangoni.

"Mmemaliza?"

Shakila akapiga goti. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Haya, mtoto."

"Hapana, baba. Huyu anakwenda hospitali."

"Hospitali ya nini? Mimi ndiye mjomba wake!"

"Najua, baba. Kiti hicho, karibu uketi."

Salmini hakuketi. Alifanya ambalo mtu yeyote wa huku angefanya: binti akikaidi, mshitaki kwa mjomba wake. Akapanda bodaboda, akapitia kwake kuchukua jogoo mwekundu wa zawadi, akamfuata Mrisho.

Na Mrisho akaja, jogoo kwapani. Kanzu nyeupe, baraghashia ya kudariziwa, sura ambayo wanawake wa soko la Masasi bado wanaisimulia. Wagonjwa wote wakampisha. Shakila alipomwona akapiga goti, chini zaidi ya alivyompigia Salmini, kwa maana huyu ndiye aliyemlea.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mpe mwenzangu mtoto wake, usituaibishe. Mambo ya ukoo yanamalizwa na ukoo."

"Hapana, mjomba."

Benchi zima likaguna. Bibi mmoja akasahau kikohozi chake.

"Unajua unamwambia nani?"

"Namwambia mjomba wangu. Na nina swali moja, kwa heshima zote. Siku ile nilipovunja mtungi wako chini ya mkorosho, maji uliyoyabeba mwenyewe kutoka bondeni, ulinifanya nini?"

Mrisho akakohoa. "Mtungi upi?"

"Unaukumbuka."

"Nilicheka," Mrisho akasema. "Nikasema mkorosho nao ulikuwa na kiu."

"Basi mimi najua mjomba ni nini. Siwezi kumpa mtoto mtu mwingine kwa jina hilohilo."

"Ni utomvu wa korosho!" Salmini akapaza sauti. "Mwambie akuonyeshe!"

"Simwonyeshi mtu," Shakila akasema. "Mtoto si banda la maonyesho ya Nane Nane. Mikono yake ataiona daktari wa hospitali."

Mrisho hakuhitaji kuonyeshwa. Alikuwa amemtazama Salmini wakati mtungi unatajwa, na Salmini alikuwa ametazama chini.

Hapo sasa ndipo lilipo lile ambalo hamtaamini. Mrisho akajinyoosha, na kituo kizima kikaingia giza kwa upana wa kifua chake. Akamrudishia Salmini jogoo wake hadharani, akamtupia usoni, manyoya yakaruka mpaka dirisha la dawa. Salmini akataka kupenya kumfikia mtoto. Mrisho akamdaka kwa mkono mmoja, wa kushoto, akamnyanyua kama gunia la korosho, akamzungusha juu ya vichwa vya wagonjwa mara saba, na gari la Optatus lilipoingia uwanjani akawa anamzungusha mara ya nane huku akimwambia kwa sauti iliyosikika mpaka Msum—

"Mjomba! Hebu nipe hiyo karatasi. Nani alimnyanyua nani? Ulikaa mlangoni. Ulikaa kwenye kile kiti cha plastiki, ukasema goti linakuuma huwezi kusogea kumpisha Salmini, na hukusogea mpaka Optatus akafika na polisi, na Swaumu akapita salama. Andika hivyohivyo, inatosha. Na jogoo ulimrudisha lini? Si huyo anawika hapo nje?"