Moyo wa Shangazi na Vikombe vya Wakubwa

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alipika chai kwa miaka kumi na tisa katika ofisi ya bima iliyokuwa ghorofa ya tatu, na kwa miaka yote hiyo sikuwahi kumsikia akiisema vizuri ofisi ile. "Wasomi wale," alikuwa akisema huku akivua viatu mlangoni, "shati limenyooka, tai shingoni, lakini kikombe wanachokiacha mezani hata paka hakilambi." Kisha ananawa mikono hadi viwikoni, mara mbili, kwa sabuni ya kufulia, ndipo amsalimie mtu.

Kinyaa alizaliwa nacho. Baba anasema alipokuwa na miaka saba alikataa chakula siku nzima kwa sababu mjomba wao alipiga chafya karibu na sufuria. Mtu wa namna hiyo ukimpa kazi ya kuosha vikombe vya watu ishirini na wawili umemwadhibu. Lakini alikuwa mjane, ana watoto wawili wanaosoma, akaimeza kazi ile kama dawa chungu.

Chumba chake cha chai hakikuwa na dirisha. Kilikuwa na beseni moja la bati lenye ukingo wa utelezi usiokwisha hata ukisuguliwa, jiko la umeme, na rafu ya chupa za chai na kahawa. Vikombe vilirudi kwenye trei mara mbili kwa siku, asubuhi na alasiri, kila kimoja na uchafu wake. Mwanasheria alizima sigara ndani ya chai iliyobaki, vipisi vikavimba vikawa kama funza. Mkurugenzi alichokoa meno, kisha akakitumbukiza kijiti kikombeni na unyuzi wa nyama ukiwa bado unaning'inia. Bibi wa masjala alibandika chingamu chini ya kisahani, na shangazi alipoigusa kwa kidole ilikuwa bado na uvuguvugu wa mdomo.

"Uvuguvugu!" aliniambia, akijifuta mkono kwenye sketi kama chingamu bado ipo. "Heri ingekuwa imekauka."

Asubuhi moja, akiibandua chingamu hiyo kwa kisu, moyo wake uliruka.

"Ulisimama," alinisimulia baadaye. "Halafu ukapiga pigo moja zito, kama mtu amebwaga gunia kifuani. Kisha ukaendelea na safari zake kama hakuna kilichotokea. Mimi nimeshika ukingo wa beseni, ule wenye utelezi, ptuu, nasubiri kufa."

Hakufa. Alasiri ukaruka tena mara tatu. Kufika mwisho wa wiki akawa hahesabu tena. Alisema ni kama amemeza chura aliye hai, na chura huyo anageuka upande apendavyo. Kilichomuudhi zaidi ya hofu ni kuwa na kitu cha ovyo namna ile ndani ya mwili alioutunza safi maisha yake yote. Wiki mbili alinyamaza. Nilijua kuna jambo siku aliponiita chumbani, akafungua kabati na kunionyesha mashuka mapya ambayo hataki mtu yeyote ayalalie akishakufa.

"Shangazi, unakwenda wapi?"

"Siendi popote. Napelekwa. Moyo umeharibika."

Kesho yake niliomba ruhusa kwenye duka la nguo ninapouza, nikamshika mkono hadi hospitali.

Daktari alikuwa binti mdogo mwenye miwani. Kabla hajafungua mdomo, shangazi alimtazama vidole. "Mwanangu, umenawa?"

"Nimenawa, mama."

"Nawa tena, nikuone."

Binti wa watu akanawa. Akampima presha, akamtoa damu, akambandika vibandiko vya waya kifuani, mashine ikachora mistari kwenye karatasi. Majibu yalipokamilika akasema, "Mama, moyo wako ni mzima."

"Mzima gani unaoruka?"

"Hauruki. Kuna pigo linalotangulia kabla ya wakati wake. Baada yake moyo unatulia kidogo, ndipo unapohisi umesimama. Pigo linalofuata linakuja na nguvu, na hilo ndilo gunia lako. Watu wengi wanayapata mapigo haya, wengine hata hawayasikii. Kwa moyo usio na ugonjwa hayana madhara. Lakini mara nyingi kuna vitu vinayachochea. Unavuta sigara?"

Shangazi aliinuka kitini. "Mimi?"

"Pombe?"

"Binti, nina umri wa mama yako."

"Kahawa?"

Nilimgeukia. Alikuwa anatazama kalenda ukutani.

"Kidogo," alisema.

"Kidogo vikombe vingapi?"

"Ile inayobaki kwenye chupa tu. Saba. Nane. Vidogo."

Macho yalinitoka. Nyumbani kwetu shangazi hakugusa kahawa. Alisema ina harufu ya soksi. Kumbe kila alipomaliza kugawa, alisimama nyuma ya mlango wa chumba cha chai na kuimalizia, nzito, isiyo na sukari, siku zote hizo.

"Siwezi kumwaga kitu nilichokipika kwa mikono yangu safi," alijitetea. "Na chupani hawajatia midomo."

"Na maji unakunywa?"

"Nyumbani."

"Ofisini je?"

"Ofisini sinywi. Nikinywa nitahitaji choo, na choo chao sikanyagi." Akaanza kukieleza: sakafu iliyolowa siku zote, kamba ya kuvutia maji iliyokuwa nyeupe zamani, alama za viatu kwenye kiti. Alipofika kwenye kitambaa cha kufutia mikono, daktari aliweka kalamu chini na kusema ametosheka. Kwa hiyo shangazi alikuwa akijibana tangu asubuhi hadi jioni, amekauka, ana kahawa tupu tumboni. Juu ya hayo alitoa mkobani chupa ya dawa ya mafua aliyokuwa akiinywa wiki ya tatu. Daktari akasoma maandishi ubavuni. "Hii nayo inauharakisha moyo. Iache."

Akamfunga kifaa kidogo kiunoni, chenye nyaya, akae nacho mchana na usiku hadi kesho yake. Kila akisikia pigo la ajabu abonyeze kitufe. Gundi ya vibandiko ilimchukiza mpaka akawa anatembea kama aliyemwagiwa uji, lakini kazini alikwenda.

Tuliporudi, daktari alifuatisha mistari kwa kidole. "Saa nne na dakika kumi na mbili?"

"Kijiti cha mkurugenzi."

"Saa nne na nusu?"

"Kahawa."

"Saa sita hapa yamefuatana. Kahawa tena?"

"La. Mwanasheria aliniita 'wewe wa chai,' halafu akacheua mbele ya uso wangu. Alikuwa amekula vitunguu."

Daktari alijitahidi asicheke, akashindwa. Kisha akasema kwa upole, "Mama, hasira na karaha ukizimeza kila siku, mwili nao unazisikia. Punguza kahawa kidogo kidogo, kunywa maji, lala vizuri. Ukipata kizunguzungu, ukizimia, au kifua kikikuuma, usingoje, njoo siku hiyo hiyo."

"Na vikombe?"

"Dawa ya vikombe sina."

Alipofika nyumbani alisukutua mdomo mara tano. "Miaka yote hii nawasimanga wanaovuta na wanaokunywa," alisema akiwa ameinamia ndoo, "kumbe mimi najibanza nyuma ya mlango nikinyonya masalio kama inzi. Najitia kichefuchefu." Nikataka kumfariji, akaninyamazisha kwa mkono. Kwa siku tatu kichwa kilimgonga kwa kukosa kahawa, na hakuna aliyethubutu kupita karibu yake.

Siku ya nne palikuwa na kikao cha wakubwa. Jioni iliyotangulia shangazi hakuosha kikombe hata kimoja. Asubuhi akavipanga kwenye trei vilevile vilivyorudi, akafunika kila kimoja kwa kisahani kinachong'aa, akaingia ukumbini na kumwekea kila mtu cha kwake. Alivijua vyote.

Mwanasheria ndiye aliyefunua kwanza, akapeleka kikombe mdomoni bila kutazama, maana alikuwa anasoma. Wanasema alitoka mbio ameziba mdomo, na hakufika mbali. Mkurugenzi alifunua chake taratibu. Kijiti kilikuwa kinaelea.

"Nini hiki?" aliuliza.

"Ni chako, mkurugenzi," alisema shangazi. "Miaka yote hii nimekishika mimi. Leo kitazame wewe."

"Unajua unaongea na nani?"

"Namjua. Namjua mpaka alichokula mchana."

Hakuna aliyecheka. Bibi wa masjala, aliyekuja kuandika kumbukumbu za kikao, alikuwa amekipindua kisahani cha chini ya kikombe chake, akakiona alichokibandika mwenyewe jana, akainamisha uso.

Barua ya onyo ilikuja kabla ya saa nane. Shangazi aliisoma amesimama, akaitia saini, na pale penye nafasi ya maelezo ya mtumishi akaandika kwa herufi kubwa: SIOSHI MATE. Nilidhani watamfukuza. Hawakumfukuza, nadhani kwa sababu habari ilishashuka hadi ghorofa ya chini na kila mtu alikuwa anawachungulia vikombe. Wiki iliyofuata likabandikwa tangazo: kila mmoja asuuze kikombe chake kabla ya kukirudisha. Akadai pia ufunguo wa choo cha wageni, akapewa. Alikisugua siku nzima ndipo akakubali kukanyaga.

Usidhani waliongoka. Mwanasheria alihamishia vipisi vyake kwenye chungu cha maua, nalo ua likafa. Hadi anastaafu, mkurugenzi hakumsalimia tena shangazi, na shangazi alisema hiyo ndiyo zawadi pekee aliyowahi kupewa na ofisi ile.

Siku hizi anakunywa kikombe kimoja cha kahawa asubuhi, ameketi mezani, mbele za watu. Mapigo yale yamepungua, hayajaisha. Juzi tulikuwa jikoni tunamenya viazi, nikamwona amesita, kisu kikiwa hewani.

"Limekuja?" nikauliza.

"Limekuja. Limepita." Akaokota kiazi kingine, akakigeuza, akaona kimeoza upande mmoja. Akakunja pua. "Nani kaninunulia takataka hii?"