Dobi Aliyefunuliwa Shavu

Mtaani walimwita Pasi, maana kazi yake ilikuwa kufua na kunyoosha nguo za watu. Kidonda kilipomtokea kwenye ufizi wa chini, alisema ni jino tu. Aling'oa jino. Kidonda kikabaki pale pale, kikazidi kuvimba, hata mkewe akachoka kumbembeleza, akamburuta hospitali. Wakamkata kinyama kidogo, wakakipima. Ilikuwa saratani, na imeshaingia kwenye taya.

Daktari wa upasuaji, mwanamke mwenye macho ya uchovu, akamwonyesha kwa kidole kwenye uso wake mwenyewe.

"Nitapasua mdomo wa chini hapa katikati, nishuke kidevuni hadi shingoni, kisha nifunue shavu lote. Hapo nitaona ninachokitoa."

"Huwezi kupitia shingoni tu, daktari? Uso uuache?"

"Ningeweza kama uvimbe ungekuwa mbele. Uko nyuma kabisa. Nikibahatisha nitabakiza, na uvimbe utarudi."

Pasi akamtazama mkewe. Alikuwa ameegemea ukuta, viatu kavivua.

"Baba watoto," mkewe akasema, "uso huu nimeuzoea. Na huo mwingine nitauzoea. Twende tukamalize."

Walimtoa nusu ya taya. Pengo wakaliziba kwa ngozi na nyama ya kifuani, wakaipitisha chini ya ngozi ya shingo ikiwa bado imeshikana na mshipa wake wa damu. Wauguzi walikuja kila mara kuangalia rangi ya nyama hiyo, isije ikafa. Haikufa. Lakini Pasi alilishwa uji kwa mpira wa puani hadi akauchukia, mate yakimchuruzika, mkewe akimfuta huku anasinzia kitini.

Aliporudi nyumbani, kaka yake alimchungulia mdomoni.

"We! Mbona humu ndani mna nywele?"

"Za kifua," akasema Pasi, ikatoka "ja kifua."

Kaka mtu akacheka mpaka machozi, kisha akalia kweli.

Baada ya tiba ya mionzi, Pasi alirudi kwenye meza yake ya kunyooshea, safari hii amekaa. Kila shati lilimchosha. Wateja walizoea kumpita, wakamuuliza mkewe nguo zitakuwa tayari lini.

"Muulizeni mwenyewe," mkewe akawaambia siku moja, bila kuinua kichwa. "Mdomo anao."

Wakamuuliza. Akajibu polepole, akarudia, wakaelewa: Jumamosi.