Kanzu ya Odoi Juu ya Mlingoti

Odoi Bartholomew alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: kuuliza. Rubani yeyote aliyetua kwenye uwanja wa ndege wa Tororo, kabla hata mguu wa pili haujagusa nyasi, alimkuta Odoi amesimama pale na panga lake la kufyekea, kofia mkononi. Mawingu yana harufu? Ukiwa juu ya mvua, unaiona mvua mgongo? Ukipiga chafya kule juu, ndege haiendi kombo? Wengine walicheka, wengine walimwona punguani. Mmoja tu, aliyekuwa akileta dawa za hospitali, alimjibu kwamba mawingu yananuka kama nguo iliyoanikwa ikasahaulika. Jibu hilo Odoi alizunguka nalo wiki nzima akimsimulia kila aliyemkuta njiani.

Kazi yake ilikuwa kuuangalia uwanja. Kila asubuhi aliutembea wote kwa miguu, kutoka upande wa Mwamba, ule mlima wa jiwe tupu juu ya mji, mpaka upande wa barabara, akisawazisha vichuguu vya fuko na kufukuza ng'ombe wa watu. Mwisho aliitazama soksi. Ndivyo walivyoiita, soksi: mfuko mrefu wa kitambaa cha mistari, uliofungwa juu ya mlingoti ukajaa upepo, ili rubani ajue upepo unatoka wapi. Na Tororo bila soksi si mchezo, maana upepo ukishagonga ule Mwamba hugeuka unavyotaka wenyewe.

Aliyemfundisha kazi ni mzee Ofumbi, na tangu siku ya kwanza walikuwa na ubishi. Ofumbi aliapa kwamba ujanani mwake ilikuwa inakuja ndege ya barua yenye mabawa mawili, moja juu ya jingine, na mabawa yenyewe ni ya kitambaa.

"Kitambaa gani?"

"Kitambaa, Odoi. Kama hilo shati lako."

"Mzee, acha. Shati langu linapasuka nikiinama."

Wakabishana hivyo miaka minne. Halafu mwaka wa sabini na nne ng'ombe mmoja akaingia uwanjani wakati ndege ya wakubwa inataka kutua. Ndege ikazunguka mara tatu. Jioni ile ile wanajeshi wakaja na gari, wakamwambia Ofumbi apande, akatoe maelezo kidogo. Hayo maelezo kidogo hayakwisha. Mkewe alikwenda kuuliza kambini mara mbili, na mara ya pili aliambiwa asirudi tena.

Basi Odoi akabaki peke yake na uwanja, na ubishi ukabaki bila mwamuzi.

Mwaka uliofuata, mwezi wa nane, Jumanne, kapteni akaja kutoka kambini. Hakushuka kwenye gari. Alisema Ijumaa saa tatu asubuhi atakuja mgeni kutoka upande wa Kisumu, mzungu mzee anayezunguka na ndege yake ya zamani kutembelea viwanja alivyotua ujanani. Kampala wamekubali. Mpiga picha wa gazeti atakuwepo.

"Nataka uwanja uwe kama meza. Kosa moja tu, utamfuata yule mzee mwenzako. Umesikia?"

Mungu amsamehe, jambo la kwanza lililomjia Odoi halikuwa woga.

"Afande, hiyo ndege ina mabawa mawili?"

Kapteni alimtazama kama anavyotazamwa mbwa aliyeongea, kisha akaondoka. Woga ulikuja baadaye, nyumbani, uji ukapoa hajaugusa.

Jumatano asubuhi akakuta mlingoti uko uchi. Soksi imeibwa! Odoi hakuhitaji kuuliza mwizi alitaka nini. Maduka ya Tororo mwaka ule yalikuwa na rafu na vumbi tu, na kitambaa cha kutoka Kenya kilipita mpakani Busia kwa magendo, na ukishikwa nacho umekwisha. Mahali fulani, kwa mtu fulani, soksi ya serikali ilikuwa inakatwa blauzi.

Akakimbilia mjini kwa Fauziya, fundi wa nguo aliyeshona barazani karibu na msikiti. Cherehani ilikuwa imefunikwa gunia.

"Fauziya dada, nipe kitambaa chochote. Kipande chenye urefu wa mtu."

"Nikupe nini, Odoi, ngozi yangu? Mimi uzi tu ndiyo niko nayo. Nashona nini na uzi? Hewa?" Kisha akamhurumia. "Kwani nyumbani huna nguo hata moja?"

Alikuwa nayo moja. Ilikuwa kanzu yake ya harusi, nyeupe pee, aliyoivaa mbele ya padre miaka ishirini na mbili iliyopita na kuiweka ndani ya sanduku la bati pamoja na kipande cha sabuni. Mara mbili alikuwa amemwambia mkewe Achola, "Siku yangu ikifika, mnizike na hii." Achola alikuwa kijijini Kiyeyi kwa dada yake, akisaidia kuvuna mtama, na alisema atarudi Jumamosi. Odoi akajiambia: Ijumaa naipandisha, jioni naishusha, Jumamosi iko sandukuni, mama wa watu hajui kitu.

Alhamisi akafumua kifua cha kanzu, akapitisha waya shingoni ili mdomo ubaki wazi. Mikono alitaka kuikata, roho ikamkatalia. Ijumaa alfajiri akaivuta juu kwa kamba. Upepo ukaingia shingoni, kanzu ikavimba, mikono ikanyooka ikapunga. Odoi akaitazama akaridhika. Ilionyesha upepo vizuri kabisa. Kisha akashika jembe, akaenda mwisho wa uwanja upande wa Mwamba, mahali fuko walikuwa wamefanya fujo usiku. Nyuma yake gari la kapteni likaja kumsubiri mgeni, likasimama chini ya mlingoti.

Sasa sikiliza. Huko Kiyeyi mtama uliisha mapema. Achola akaondoka Ijumaa kabla ya jua, na kikapu kichwani, akafika kona ya barabara ambapo uwanja unaonekana. Aliona nini? Aliona kanzu ya mume wake, anayoijua kila mshono, inaning'inia juu ya mlingoti, mikono inatupwa huku na huku, na chini yake gari la wanajeshi. Kichwa hakukiona.

Kikapu kilianguka. Achola akapiga nduru.

Kwa Wapadhola, watu wa huku, nduru ya msiba haiulizwi mara mbili. Ukiisikia unatupa ulichoshika na kukimbia. Asiyekimbia, siku yake ataomboleza peke yake. Wanawake wakatoka mashambani na majembe, wanaume wakaacha mitungi ya pombe, nao wakipokezana nduru ile mpaka ikafika upande wa Mwamba. Odoi aliisikia. Naye, kama mtu aliyelelewa vizuri, akatupa jembe akaanza kukimbia.

Njiani akapitwa na jirani yake Matayo, anatweta, macho mbele.

"Matayo! Nani amekufa?"

"Odoi!" akajibu Matayo bila kugeuka. "Wamemnyonga uwanjani!"

Odoi alikimbia hatua nyingine kama kumi kabla maneno hayajamwingia. Akasimama. Akajigusa kifua. Halafu akaiona kanzu, akaelewa yote kwa mara moja, na wakati huo huo akasikia juu ya vichwa vyao mngurumo asioujua, wa polepole, wenye kukohoa kidogo.

Ilikuwa imefika. Mabawa mawili, moja juu ya jingine, kama Ofumbi alivyosema! Ilikuwa inashuka, na mahali inaposhuka pamejaa watu mia moja wanaolia.

Ofumbi aliondolewa kwa sababu ya ng'ombe mmoja tu. Odoi akatimua mbio kuelekea kwenye kundi, mikono juu, uso mweupe kwa vumbi la vichuguu, akipiga kelele: "Ondokeni! Ondokeni hapa!"

Watu wakageuka. Wakamwona marehemu anawajia mbio.

Yalaa! Hajawahi kutawanya ng'ombe vile. Watu walirukia vichakani, Matayo akiwa wa kwanza, na uwanja ukawa mweupe kama meza aliyoitaka kapteni. Alibaki mtu mmoja tu, katikati kabisa, amesimama wima. Achola hakumkimbia. Alisema baadaye kwamba hata kama ni mzimu, ulikuwa wake.

Odoi akamkumba wakaanguka pamoja kwenye nyasi ndefu. Ndege ikapindisha kidogo kuwakwepa, ikagusa chini, ikaruka, ikagusa tena, na ncha ya bawa la chini ikapita kwenye ua wa miiba. Ikasimama.

Achola alikuwa anamshika mume wake uso kwa mikono miwili, pua, masikio, shingo. Shingo aliirudia. Kisha akamzaba kofi la nguvu, akalia.

Kapteni alikuja na mpiga picha nyuma yake. "Watu hawa wote ni nini?"

"Wamekuja kumpokea mgeni, afande," akasema Odoi.

"Wanalia!"

"Ni furaha, afande. Sisi hapa furaha ikizidi inakuwa hivyo."

Mpiga picha alikuwa ameshapiga picha, akasema umati ule ulikuwa mzuri sana. Kapteni akatulia. Lakini rubani, mzee mrefu mwenye kofia ya ngozi, alikuwa ameinama kwenye bawa, na bawa lilikuwa na tundu la kupita viganja viwili.

"Hii hapana ruka," akasema kwa Kiswahili cha wazungu wa mashambani. "Dawa ya kupaka iko. Kitambaa iliisha Nakuru."

Kapteni akamgeukia Odoi, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Ruhusa yake inaisha leo. Ikilala hapa, mimi nitaulizwa. Na mimi nitakuuliza wewe."

 Odoi akaenda kwenye mlingoti akaishusha kanzu. Achola akaipokea, akaitandaza mapajani, akaiangalia kidogo, kisha akaomba wembe. Akakata mgongoni, mahali penye nguvu. Akashona mwenyewe kwenye bawa kwa mshono wa gunia la mtama, wa kukaza, huku Odoi akimshikia uzi ulioletwa mbio kutoka kwa Fauziya. Rubani akapaka dawa yake kutoka kwenye mkebe. Ilinukia ndizi mbivu, na ilipokauka kitambaa kilijivuta kikawa kigumu.

"Piga," akasema rubani.

Odoi akapiga kwa kidole. Kililia kama ngoma ndogo. Akapapasa bawa lote mpaka mwisho. Kitambaa! Kitambaa kitupu, kama shati lake. 

"Bwana, zamani hapa kulikuwa na kijana mmoja, anafyeka nyasi..."

"Ndiyo!" Rubani akacheka. "Yeye aliuliza mimi kama nalala ndani ya wingu. Kila siku anauliza! Iko wapi yeye?"

Odoi akamtazama kapteni. Kapteni akatazama viatu vyake.

"Amesafiri, bwana," akasema Odoi. "Akirudi nitamwambia alisema kweli."

Saa nane ndege ikaondoka kuelekea Kisumu, na kiraka cheupe kilionekana kwenye bawa mpaka kikawa kama punje ya mchele, kikapotea. Gari la wanajeshi nalo likaondoka, na ndani yake hakikupandishwa mtu. Watu wakarudi kwenye mitungi yao wakimcheka Matayo.

Achola alibaki amekaa kwenye nyasi na ile kanzu. Akaingiza mkono kwenye tundu la mgongoni, akautoa upande wa pili.

"Baba Owor. Hii huwezi kuzikwa nayo tena."

"Siwezi, Mama Owor."

"Na nyingine hatuna."

"Hatuna."

"Basi hufi," akasema Achola, naye alikuwa bado analia. "Umenisikia? Mpaka nguo zirudi madukani, wewe hufi."

"Nimesikia," akasema Odoi, na hakuuliza kitu.