Mfereji wa Mama Mwende

Nakumbuka asubuhi ya siku ya soko, mwanangu, kiangazi kikiwa kimekaza. Ndiyo siku niliyotibiwa wivu, ingawa haukupona wote.

Nilikuwa mke kijana huku ng'ambo ya mji wa Zombe, Muli wangu bado ananyonya. Maji yetu tuliyatoa mtoni, kwenye mchanga mkavu. Unachimba shimo, unalizungushia matawi ya miiba ili mbuzi na punda wasilichafue, unangoja maji yajikusanye, kisha unachota kwa kibuyu polepole mpaka mtungi ujae. Na mke wa shemeji yangu, Mama Mwende, alikuwa na mfereji mlangoni! Bomba lilitoka kwenye kisima cha mashine, na nilipoolewa nililikuta.

Nilimwonea kijicho mpaka chakula kikanishinda. Maji yake yalikuwa maangavu. Mgeni akipewa kikombe, lazima asifu. Yangu yalikuwa na mchanga chini. Nikisikia ndoo yake ikijaa, nilisonya peke yangu jikoni. Hata kuku wake niliona wanatembea kwa maringo. Salamu zake nilizijibu nikiangalia kwingine. Wewe unacheka, lakini jana nilikusikia ukinung'unika kwamba jirani amevuta maji na sisi bado. Kijiba cha roho hakichagui umri.

Nilimsumbua mume wangu mpaka akakubali kumuuza mtamba wetu, nasi tuvute bomba. Asubuhi hiyo, kabla mtamba hajatolewa zizini, mama mkwe akaniita. Tulimwita Mwaitu, yaani mama. Alinipakulia isyo, mahindi na maharagwe aliyoyabandika tangu jana kwa maji ya mfereji.

"Kula."

Nikatafuna. Maharagwe yalikuwa magumu kama changarawe.

"Hii imemaliza kuni zangu zote, na maji ya mfereji hayaivishi," akasema.

"Mwaitu, pengine maharagwe ni ya zamani."

"Haya, ni ya zamani. Na huyu je?" Akamwita Mwende, aliyekuwa ameanza kuota meno ya ukubwa. "Onyesha mama yako mdogo meno."

Mtoto alifungua mdomo kidogo. Meno mapya ya mbele, ambayo hata hayajamaliza kutoka, yalikuwa na madoa ya kahawia. Akaufunika mdomo kwa kiganja na kukimbia.

"Miaka hii yote umeangalia mfereji," Mwaitu akaniambia. "Mwenye anakunywa hayo maji, ushawahi kumuangalia?"

Mtoto aliamka na kulala mbele ya macho yangu, na sikuwa nimeona meno yake.

"Daktari wa meno amesema ni floraidi, madini ya kuharibu meno yakizidi. Iko kwa hayo maji ya chini sana, haionekani, na hata ukichemsha haitoki. Sasa mama yake anataka maji yako ya mchanga, ya kumpa huyu mdogo wake Mwende, Kyalo. Yeye meno yake ya ukubwa bado. Nikamwambia akuombe. Akasema, 'Ataniangalia na yale macho yake.'"

Aibu iliyonishika siku hiyo sijaisahau. Mtamba alibaki zizini. Nilichukua mtungi nikaenda kusimama kwenye mlango ule niliouchukia.

"Mama Mwende, twende mtoni."

Aliniangalia sana. "Kumbe jina langu unalijua," akasema. Kisha akaingia kuchukua mtungi wake.

Njiani aliniambia kwamba naye alikuwa akinionea wivu kila nilipopita na maji yangu ya mchanga. Tuliendelea kuchota pamoja, na Kyalo akaota meno meupe. Mwende sasa ni mama wa watoto, na harusini wenzake wakiangua kicheko, yeye bado hucheka na kiganja mdomoni. Kila nikimwona najiuliza: ningekuwa mtu wa kuombwa maji mapema, ingekuwaje?

Nyumba njema si mlango, mwanangu, na maji mema si mng'ao. Kabla hujayatamani ya jirani, uliza yamepimwa na nani na yalionekana na nini. Yetu ya mchanga nayo yana hatari zake: zungushia miiba, weka punda mbali, chemsha. Ya kisima yakiwa na floraidi, usiwape watoto. Wakingie ya mvua. Na wivu ukikushika, maana utakushika, mimi mwenyewe ndoo ya mwenzangu ikijaa roho bado hunidunda, basi usimwangalie mwenzako kwa jicho la kumfukuza. Pengine anakuja kukuomba.

Mungu akujalie maji matamu na uso unaoombeka. Watoto wako, na wa jirani yako, wacheke mikono ikiwa chini.